Maswali na Majibu: Nani Huamua Kinachotafitiwa Ndani ya Kampuni?

Katika toleo lililopita tulichapisha makala fupi kuhusu transista, kifaa kidogo cha umeme kilichozaliwa mwaka 1947 katika maabara za Bell, New Jersey. Tulitaja kwa sentensi moja tu kwamba maabara hizo hazikuwa za chuo kikuu wala za serikali, bali zilikuwa mali ya kampuni ya simu ya Marekani, AT&T. Sentensi hiyo imetuletea barua nyingi kuliko makala yenyewe. Tumechagua saba, na baadhi tumezifupisha.

Swali: Ndugu Mhariri, tangu shule ya msingi nimefundishwa kwamba Thomas Edison ndiye aliyeanzisha maabara ya kwanza ya utafiti wa viwandani. Je, ni kweli? Na kama si yeye, ni nani? — Msomaji wa Morogoro

Jibu: Inategemea ni kitu gani unachokiita maabara ya utafiti. Edison alifungua karakana yake Menlo Park, New Jersey, mwaka 1876, akaajiri mafundi wa chuma, wapuliza vioo na watu wachache wenye elimu ya hesabu na kemia, na humo ndimo ilimotoka mashine ya kurekodi sauti na baadaye balbu. Lakini Menlo Park ilikuwa ni Edison mwenyewe. Yeye ndiye aliyechagua tatizo, yeye ndiye aliyewatafuta wenye fedha, na yeye alipohama, kazi ya pale ikaisha. Maabara ya kampuni ni kitu kingine: mkurugenzi wake anaweza kustaafu au kufa, na kesho yake asubuhi watu wakaendelea na majaribio yao, kwa kuwa ipo bajeti, zipo ngazi za vyeo, ipo maktaba, na wapo watu ambao ajira yao ni utafiti na si jambo jingine.

Kwa kipimo hicho, chimbuko liko Ujerumani, katika viwanda vya rangi za nguo. Mwaka 1856 kijana wa Kiingereza, William Perkin, alikuwa anajaribu kutengeneza kwinini kutokana na lami ya makaa ya mawe, akaambulia rangi ya zambarau. Waingereza walitangulia, lakini Wajerumani wakawapita, na sababu mojawapo ni sheria. Sheria ya hataza (haki ya mvumbuzi kuutumia uvumbuzi wake peke yake kwa muda maalumu) ya Ujerumani ya mwaka 1877 ililinda njia ya kutengenezea kemikali, haikuilinda kemikali yenyewe. Maana yake ni kwamba ukigundua rangi mpya na kusajili njia moja ya kuitengeneza, mshindani wako ana haki ya kutafuta njia ya pili na kuwauzia wateja wako rangi ile ile. Kinga pekee ilikuwa ni kuwa na wakemia wa kutosha kuzisaka njia zote na kuzisajili kabla yake. Carl Duisberg, aliyeingia kampuni ya Bayer katika miaka ya 1880 akiwa mkemia kijana, ndiye aliyeigeuza haja hiyo kuwa mfumo: jengo kubwa la maabara mjini Elberfeld mwaka 1891, ofisi ya hataza, maktaba, na mikataba iliyowazuia wakemia kuhamia kwa mshindani.

Kampuni nyingine ya huko, BASF, ilianza kuuza nili ya kiwandani, yaani rangi ya buluu ambayo zamani ilitoka kwenye mmea, mwaka 1897, baada ya kuihangaikia kwa takribani miaka 17. Mvumbuzi anayejitegemea asingeweza kusubiri muda huo wote. Kwa upande wa pili wa bahari, soko la mashamba ya nili ya India liliporomoka katika muda wa miaka michache tu, jambo linalofanana na lile tutakaloliona kwenye barua ya Tanga.

Swali: Bwana Mhariri, mimi ni mhandisi wa kiwanda. Nikiomba fedha za kununua pampu, naulizwa itarudisha gharama kwa miezi mingapi. Iweje wakuu wa kampuni za zamani walikubali kuwalipa watu waliotafiti mambo yasiyokuwa na tarehe ya mwisho? — Mhandisi, Mombasa

Jibu: Mara nyingi hawakukubali kwa kupenda, walikubali kwa hofu. Hataza ya Edison ya balbu iliisha muda wake mwaka 1894, na General Electric, iliyokuwa inaitegemea balbu hiyo, ikawaona washindani wa Ulaya wakija na taa zinazotoa mwanga mwingi zaidi kwa umeme mdogo zaidi. Charles Steinmetz, mhandisi wake mashuhuri, akashikilia kwamba kampuni isiyokuwa na wanakemia wake itakuwa inanunua uvumbuzi wa wengine milele. Mwaka 1900 akaajiriwa Willis Whitney, mwalimu wa kemia katika chuo cha MIT, ambaye mwanzoni alikubali kuja mjini Schenectady kwa siku chache tu za wiki, kwa kuwa hakutaka kuacha kufundisha. Maabara ya kwanza ilikuwa banda lililoko nyuma ya nyumba aliyokuwa akiishi Steinmetz.

Ukitaka kuona uongozi wa Whitney kwa karibu, mtazame Irving Langmuir, aliyefika mwaka 1909. Wakati huo balbu za tangsteni zilikuwa zikiingia weusi ndani ya kioo, na kila fundi aliamini kwamba dawa ni kuondoa hewa zaidi. Langmuir hakuwa na namna ya kupata utupu safi kuliko uliokuwepo, basi akafanya kinyume chake: akawa anaingiza gesi ndani ya balbu kwa makusudi, moja baada ya nyingine, na kuangalia kila moja inaharibu nini. Akagundua kwamba mvuke wa maji, hata ukiwa kidogo sana, huichukua tangsteni kutoka kwenye waya na kuipaka kwenye kioo, kisha ukarudi kuichukua tena na tena. Na kwamba hata pasipo maji, waya wenye joto kali hivyo huvukiza chuma chake wenyewe. Kumbe utupu safi usingeweza kuiponya balbu. Dawa ilikuwa ni kuijaza gesi isiyoungana na chuma, kwanza naitrojeni na baadaye agoni, na kuusokota waya uwe kama springi ili usipoteze joto. Hiyo ndiyo balbu iliyotoka mwaka 1913 na kuwaka majumbani mwetu mpaka juzi juzi.

Kazi hiyo ilichukua miaka, na Langmuir mwenyewe alisimulia kwamba alimwendea Whitney akiwa na wasiwasi, akamwambia kwamba anaifurahia lakini haoni itaifaa nini kampuni, na Whitney akamwambia aendelee. Kisa hiki husimuliwa sana kama ushahidi wa uhuru usiokuwa na mipaka. Mimi sikisomi hivyo. Whitney hakumwambia Langmuir achague jambo lolote chini ya jua. Alimweka katikati ya balbu, miongoni mwa watu waliokuwa wanazitengeneza na kuzivunja kila siku, kisha akaacha kumuuliza tarehe. Swali lilikuwa la kampuni, na muda ulikuwa wa mtafiti. Langmuir alipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1932, na hataza zote alikuwa amezikabidhi kwa mwajiri wake, kama mkataba ulivyotaka.

DuPont, kampuni ya baruti iliyogeukia kemia, ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1926 mkurugenzi wake wa kemia, Charles Stine, aliiandikia kamati kuu akiomba fedha za utafiti wa msingi, yaani utafiti usiolenga bidhaa yoyote, na mwaka uliofuata akakubaliwa. Mwaka 1928 akampata Wallace Carothers kutoka Harvard, ambaye shabaha yake ilikuwa kuthibitisha kwamba mpira, hariri na vitu vya aina hiyo ni molekuli ndefu kama minyororo, jambo lililokuwa linabishaniwa na wakemia wakubwa wa zama hizo. Mwezi Aprili 1930 msaidizi wake, Julian Hill, alichovya kijiti katika chombo chenye kemikali iliyoyeyuka, akakivuta, na uzi ukafuata. Ulipopoa aliweza kuuvuta tena, na kadiri alivyouvuta ndivyo ulivyozidi kuwa imara na kung'aa. Inasimuliwa kwamba wasaidizi walisubiri Carothers atoke, wakashindana kuuvuta uzi huo kwenye ukumbi kuona utafika wapi.

Uzi ule haukufaa nguo, kwa sababu uliyeyuka kwa joto dogo tu. Hapo ndipo usimamizi ulipobadilika. Mwaka huo huo wa 1930 Stine alipanda cheo, na nafasi yake ikachukuliwa na Elmer Bolton, mtu aliyetaka kuona bidhaa. Carothers alikuwa ameshauacha mradi wa nyuzi, na Bolton ndiye aliyemsukuma aurudie. Nailoni ikapatikana mwezi Februari 1935. Kisha ukaja uamuzi ambao kwa maoni yangu haupewi heshima unayostahili: badala ya kuihangaikia nailoni kwa matumizi mia, viongozi wakaelekeza nguvu zote kwenye soko moja, soksi ndefu za wanawake, ambazo zilianza kuuzwa Marekani nzima tarehe 15 Mei 1940. Carothers, aliyeugua sonona kwa muda mrefu, alikuwa amejiua mwaka 1937.

Baada ya vita, wakuu wa DuPont waliyasoma mafanikio hayo kwa jicho moja. Walimkumbuka Stine na kumsahau Bolton, wakamwaga fedha katika utafiti wa msingi wakitarajia nailoni nyingine. Nyingine haikutokea. Kwa hiyo, Bwana Mhandisi, anayekuuliza pampu italipa lini hajakosea sana. Kosa ni kuuliza swali hilo hilo kwa kila kitu.

Swali: Ndugu Mhariri, nasomea uongozi wa biashara. Ni mbinu zipi zilizoifanya Bell Labs ipate tuzo nyingi hivyo za Nobel, na je, kampuni ya leo inaweza kuziiga? — Mwanafunzi, Nairobi

Jibu: Mbinu zipo, na zinasimuliwa sana. Maabara za Bell zilianzishwa rasmi mwaka 1925 chini ya Frank Jewett, lakini desturi yao ilitangulia. Kampuni ilitaka mtu wa New York azungumze na mtu wa San Francisco, na sauti ilikuwa inafifia njiani. Jewett akamwajiri mwanafizikia Harold Arnold, kampuni ikanunua haki za valvu ya Lee de Forest, kifaa cha kioo kama balbu kinachokuza mawimbi ya sauti ya simu, Arnold akaiboresha, na mwaka 1915 laini hiyo ikafunguliwa. Tangu hapo hakuna aliyehitaji kumshawishi mkuu wa AT&T kwamba fizikia inauza simu.

Mervin Kelly, aliyekuja kuwa kiongozi mkuu wa maabara, alijua kwamba swichi za chuma zilikuwa polepole na kwamba valvu ziliungua. Mwaka 1945 akaunda kundi la kushughulikia vitu yabisi, akamweka mwanafizikia wa nadharia karibu na mwanafizikia wa majaribio, na mkemia karibu na fundi wa saketi. Jengo la Murray Hill lilikuwa na ukumbi mrefu kiasi kwamba mtu asingeweza kwenda kula bila kupita milango ya watu wa fani nyingine. Baadaye Kelly aliweka matawi ya maabara ndani ya viwanda vya Western Electric, kampuni dada iliyotengeneza vifaa, ili mtafiti asifikiri kwamba kazi yake inaishia kwenye ripoti.

Haya yote yanaweza kuigwa. Kisichoigika ni mfuko. AT&T ilikuwa na ukiritimba wa simu karibu nchi nzima. Kila kampuni ya simu iliyokuwa chini yake ililipa asilimia ndogo ya mapato kwa makao makuu, na sehemu ya fedha hiyo ikagharamia utafiti wa msingi. Western Electric nayo ililipia usanifu wa vifaa. Kwa kuwa ada za simu zilipangwa na mamlaka za serikali kwa kuangalia gharama, bili ya utafiti iliishia kwa mwenye simu, sarafu chache kila mwezi, bila yeye kuhisi. Mtafiti wa Bell hakuhofia robo mwaka mbaya kwa sababu haikuwepo robo mwaka mbaya ya kuhofia.

Ukiritimba huo ulikuwa na masharti yake. Serikali ya Marekani iliishtaki AT&T kwa sheria za kuzuia ukiritimba, na katika makubaliano ya mwaka 1956 kampuni ikalazimika kuzitoa hataza zake zilizokuwepo kwa yeyote bila malipo, na kujifunga kwenye biashara ya mawasiliano pekee. Hata kabla ya hapo, mwaka 1952, ilikuwa imeendesha semina ya kuwafundisha wengine kutengeneza transista, na ada ya leseni ilikuwa dola 25,000. Ndiyo sababu transista ilitajirisha watu wengi ambao hawakuwa AT&T. Kampuni ilipovunjwa tarehe 1 Januari 1984, mfuko ule ukatoweka. Maabara zilihamia Lucent mwaka 1996, zikaingia Alcatel-Lucent mwaka 2006, na tangu 2016 ziko chini ya Nokia. Wenye akili walikuwepo bado, na ukumbi mrefu ulikuwepo bado.

Ukitaka kauli moja ya kuandika kwenye tasnifu yako, chukua ya Kenneth Mees, Mwingereza ambaye George Eastman, mwenye kampuni ya picha ya Kodak, alimtaka sana hivi kwamba akainunua kampuni aliyokuwa akifanyia kazi ili aje kumwanzishia maabara ya Kodak mwaka 1912. Mees alisema kwamba anayefaa zaidi kuamua nini kitafitiwe ni mtafiti mwenyewe, akifuatiwa na mkuu wa idara yake. Kuanzia hapo unaingia kwa wasiofaa, yaani mkurugenzi wa utafiti, ambaye hukosea zaidi ya nusu ya mara zote, kisha kamati, ambayo hukosea mara nyingi, na mwisho kamati ya makamu wa rais wa kampuni, ambayo hukosea mara zote. Mees mwenyewe alikuwa mkurugenzi wa utafiti, na baadaye akawa makamu wa rais.

Swali: Mheshimiwa Mhariri, nafundisha kompyuta. Wanafunzi wangu wanajua kwamba Xerox waliivumbua kompyuta ya kisasa wakaiacha, na Apple wakaichukua. Je, mameneja wa Xerox walikuwa wajinga kiasi gani? — Mwalimu, Dodoma

Jibu: Hawakuwa wajinga, Mwalimu, na kisa chenyewe kinasimuliwa nusu. Xerox, kampuni ya mashine za kunakili karatasi, ilifungua kituo chake cha utafiti cha Palo Alto, California, mwaka 1970, chini ya mwanafizikia George Pake. Kundi la kompyuta liliongozwa kwa vitendo na Bob Taylor, ambaye hakuwa mhandisi wa kompyuta. Alikuwa na kipaji cha kuchagua watu na kuwakutanisha. Kila wiki walikaa kwenye mito mikubwa iliyojazwa vipunje, mmoja akaeleza kazi yake, na wenzake wakamshambulia kwa hoja mpaka ikaonekana kama wazo lake linasimama. Mwaka 1973 walikuwa na Alto, kompyuta ya mtu mmoja yenye kipanya na skrini inayoonyesha ukurasa kama utakavyochapwa, na mwaka huo huo wakaanza kuziunganisha kwa mtandao wa Etheneti.

Nusu isiyosimuliwa ni printa ya leza. Gary Starkweather aliianza katika kituo cha Xerox huko Webster, New York, ambako mkuu wake hakuitaka, akahamishiwa Palo Alto mwaka 1971. Xerox iliiuza kuanzia 1977, na mapato yake yalirudisha gharama za kituo kizima mara nyingi. Kwa nini printa ilipita na kompyuta ikakwama? Kwa sababu printa ilifanana na kile ambacho kampuni ilishajua kuuza: mashine kubwa inayotema karatasi, inayokodishwa kwa ofisi na kulipiwa kadiri ya nakala zilizotoka. Wauzaji wa Xerox walijua kuongea na mkuu wa ofisi kuhusu nakala. Hawakuwa na la kumwambia kuhusu kipanya. Kompyuta ya Star ilipotoka hatimaye mwaka 1981, moja iliuzwa zaidi ya dola 16,000, nayo haikuwa na maana mpaka ununue kadhaa pamoja na mtandao wake.

Kumbuka pia kwamba wakuu walikaa Connecticut, upande wa pili wa bara, na walikuwa na moto wao wa kuzima. Mwaka 1975 Xerox ililazimishwa na serikali kuwapa wengine leseni za hataza zake, na kampuni za Japani zikaingia sokoni na mashine ndogo za bei nafuu. Kuhusu Apple, ziara ya Steve Jobs mwezi Desemba 1979 haikuwa wizi: Xerox iliruhusu ziara hiyo baada ya kupewa nafasi ya kununua hisa za Apple kabla hazijafika kwenye soko la hisa. Lawama ninayowapa ni moja. Walijenga maabara bila kujenga njia ya kutoka humo, kisha wakashangaa watu wao kuondoka na mawazo mkononi. Robert Metcalfe wa Etheneti aliondoka na kuanzisha 3Com mwaka 1979. John Warnock na Charles Geschke wakaanzisha Adobe mwaka 1982.

Swali: Je, ipo kampuni kubwa ya teknolojia iliyokataa kabisa kuwa na maabara ya namna hiyo? — Msomaji, Arusha

Jibu: Ipo, nayo ni Intel, kampuni ya vichipu vya kompyuta, katika miaka yake ya mwanzo. Waasisi wake, Robert Noyce na Gordon Moore, walikuwa wameonja uongozi mbaya kwanza: walifanya kazi kwa William Shockley, mmoja wa wavumbuzi wa transista, ambaye alianzisha maabara yake Mountain View mwaka 1956 na kuwashuku wafanyakazi wake kiasi cha kutaka wapimwe kwa mashine ya kugundua uongo. Wanane wakaondoka mwaka 1957 na kuanzisha Fairchild Semiconductor. Huko nako Moore, akiwa mkuu wa utafiti, aliona tatizo la aina nyingine: kadiri maabara ilivyozidi kuwa nzuri, ndivyo kiwanda kilivyozidi kushindwa kuyapokea yatokayo humo, na hata kuyakataa. Walipoanzisha Intel mwaka 1968, waliamua kwamba majaribio yafanyike ndani ya kiwanda, juu ya mashine zile zile za uzalishaji, hata kama yangeichelewesha kazi ya kawaida. Uamuzi huo uliwezekana, na Moore alilijua hilo, kwa sababu maarifa ya msingi yalikuwa yameshalipiwa na wengine, hasa Bell.

Swali: Ndugu Mhariri, haya ni mambo ya Wazungu na pesa zao. Babu yangu alikuwa mkata mkonge hapa Tanga. Yanatuhusu nini? — Msomaji, Tanga

Jibu: Yanamhusu babu yako moja kwa moja. Mkonge ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 uliifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, na sehemu kubwa ya nyuzi hizo ilikwenda kufungia majani makavu ya mifugo katika mashamba ya Marekani na Ulaya. Mwaka 1954 Giulio Natta, profesa wa Milan ambaye utafiti wake uligharamiwa na kampuni ya kemikali ya Montecatini, alipata polipropilini, na mwaka 1957 kampuni hiyo ikaanza kuizalisha. Ni plastiki nyepesi inayosokotwa kuwa kamba, haiozi, na malighafi yake ni mafuta ya petroli. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960 bei ya mkonge ikaporomoka, na kamba hizo zilikuwa sababu kubwa mojawapo.

Sasa, usidhani kwamba wenye mashamba hawakuwa na watafiti. Kituo cha Mlingano, hapo hapo mkoani kwenu, kilihudumia chama cha wakulima wa mkonge, na kazi yake ilikuwa nzuri: chotara namba 11648, lililozalishwa Tanganyika, hutoa majani mengi kuliko mkonge wa kawaida, na leo ndilo linalolimwa kwa wingi China. Lakini wenye kulipa walikuwa wakulima, na wakulima waliuliza maswali ya mkulima, yaani udongo, mbegu na ukataji. Hakukuwa na aliyelipwa kuuliza kama mteja ataendelea kuhitaji kamba ya mkonge. Montecatini, ambayo haikuwa na shamba hata moja, ndiyo iliyokuwa na sababu ya kuuliza.

Kwa zao ambalo wazalishaji wake ni wengi na wadogo, njia ya tozo inabaki kuwa njia yenye maana, na wakulima wa chai wa Kenya waliitumia kwa miongo mingi kugharamia utafiti wa miche bora. Kwa viwanda, serikali zetu zilichagua kuwa na mashirika yao, TIRDO Tanzania na KIRDI Kenya, yote mawili yakianza mwaka 1979. Maabara ya kampuni ya aina tuliyoieleza hapo juu ilifika kwetu mwaka 2013, IBM ilipofungua kituo chake cha utafiti Nairobi, ndani ya Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki.

Swali: Mhariri, nasoma sheria. Nimesikia kwamba watafiti wa kampuni za Marekani walilazimika kutia sahihi kila ukurasa wa daftari zao mbele ya shahidi. Kulikuwa na haja gani? — Mwanafunzi, Zanzibar

Jibu: Haja ilikuwa ya kisheria. Kwa muda mrefu Marekani ilimpa hataza aliyevumbua kwanza, hata kama mwingine alimtangulia kuwasilisha maombi. Kwa hiyo tarehe ya wazo ilibidi ithibitishwe, na daftari lenye kurasa zilizopigwa namba, lililoandikwa kwa wino na kusainiwa na mtu aliyesoma na kuelewa, ndilo lililokuwa ushahidi. Mfano maarufu ni daftari la Walter Brattain wa Bell. Tarehe 24 Desemba 1947 aliandika kuhusu onyesho la mchana wa siku iliyotangulia: kipande cha jemaniamu, karatasi nyembamba ya dhahabu iliyopasuliwa kwa wembe kwenye ncha ya plastiki, na sauti ya mtu iliyosikika kwa nguvu zaidi kila kifaa kilipoingizwa kwenye saketi. Akaorodhesha majina ya waliokuwepo.

Daftari hilo halikumsaidia kiongozi wake. Shockley alitaka hataza isimame juu ya wazo lake la kuidhibiti mikondo kwa uga wa umeme, lakini wanasheria wa kampuni walikuta kwamba Julius Lilienfeld alikuwa ameshapata hataza za wazo linalofanana na hilo miaka ya nyuma. Hataza ya transista ya kwanza, iliyotolewa mwezi Oktoba 1950, ina majina mawili tu, John Bardeen na Brattain. Shockley alikuwa ameshajifungia peke yake kwa wiki kadhaa na kuja na transista ya aina nyingine, iliyo bora kiwandani, na ya hiyo hataza ikatoka kwa jina lake. Marekani iliacha kanuni ya mvumbuzi wa kwanza mwezi Machi 2013, na sasa humpa hataza anayetangulia kuwasilisha maombi, kama nchi nyingine zinavyofanya.